Jinsi ya Kusoma Majibu ya Viashiria vya Saratani

Karatasi ya majibu imeandikwa PSA 6.2 (kipimo cha tezi dume), au CA-125 58 (cha ovari), na pembeni pana mshale unaoelekea juu. Namba hiyo peke yake haisemi kama una saratani au huna. Inachosema ni kwamba kwenye damu iliyotolewa siku ile, mashine ilikuta kiasi fulani cha protini fulani, ile inayoitwa kiashiria. Ili ipate maana, unahitaji kujua mambo manne: protini hiyo inatoka wapi mwilini, kipimo kiliombwa kujibu swali gani, damu ilichukuliwa na kutunzwa vipi, na namba zilizotangulia zilikuwa ngapi. Ukilikosa hilo la mwisho, ni rahisi sana kuogopa bure au kutulia bure.

Anza na chanzo: saratani inavyojengeka na kusambaa

Seli ya kawaida hugawanyika inapoamriwa na huacha inapokatazwa. Amri hizo zimo kwenye jeni. Zipo jeni zinazosukuma seli igawanyike, kama RAS, MYC na HER2. Zipo zinazozuia, kama RB1 na TP53, na zipo zinazokarabati DNA inapokatika, kama BRCA1 na BRCA2. Kwa jeni zinazosukuma, nakala moja ikiharibika inatosha kuisukuma seli bila kukoma. Jeni zinazozuia zina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kwa kawaida mpaka zote mbili ziharibike ndipo kizuizi huondoka. Alfred Knudson aliliona hilo mwaka 1971 alipochunguza saratani ya jicho ya watoto: waliozaliwa na nakala moja mbovu waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili, na wale ambao hawakurithi kasoro hiyo waliugua baadaye, jicho moja.

Uharibifu mmoja hautoshi. Saratani nyingi za watu wazima hujengeka kwa miaka mingi, kosa moja juu ya jingine, kwa moshi wa tumbaku, miale ya jua, virusi kama HPV na vya homa ya ini B, au makosa ya kawaida ya seli inaponakili DNA yake. Uvimbe wenye upana wa sentimita moja una karibu seli bilioni moja. Kutoka seli moja kufika hapo ni kuongezeka maradufu takriban mara 30, na kutoka hapo hadi kilo moja ni mara 10 tu zaidi. Maana yake ni kwamba uvimbe unapoonekana kwenye picha, sehemu kubwa ya maisha yake imekwisha kupita. Ndiyo sababu pia viashiria vingi vya damu ni dhaifu mwanzoni. Uvimbe mdogo hutoa protini kidogo, na kidogo hicho huyeyuka ndani ya lita kama tano za damu.

Ukizidi milimita moja au mbili, uvimbe hauwezi kuendelea kukua bila kujipatia mishipa ya damu, jambo ambalo Judah Folkman alilitetea mwaka 1971. Mishipa hiyo mipya hujengwa ovyo na huvuja. Hapo seli hupata njia ya kutoka. Hupenya utando unaozitenganisha na tishu jirani, huingia kwenye mishipa ya limfu au ya damu, na nyingi hufia njiani. Zinazosalia hazitui popote tu. Stephen Paget, mwaka 1889, alipitia kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti akaona viungo fulani vinashambuliwa zaidi ya vingine; akalinganisha seli hizo na mbegu ambayo huota pale tu udongo unapoipokea. Ramani ya damu nayo ina nafasi yake: damu ya utumbo mpana hupita kwanza kwenye ini, kwa hiyo saratani ya utumbo mpana huhamia ini mapema. Saratani ya tezi dume hupenda mifupa. Ya ovari hutawanyika juu ya utando wa tumbo kabla ya kwenda mbali.

Saratani ikihama, kwa kawaida hubeba tabia ya kule ilikotoka. Ile ya tezi dume iliyoota kwenye uti wa mgongo huendelea kutoa PSA. Ufuatiliaji wote kwa damu umesimama juu ya jambo hilo.

Protini yenyewe huingia kwenye damu kwa njia tofauti, na ukiijua njia utaelewa kwa nini kipimo hudanganya. PSA hutengenezwa na tezi dume nzima, yenye saratani na isiyo nayo, na kwa kawaida humwagwa kwenye majimaji ya shahawa. Seli ya saratani hata hutoa PSA kidogo kuliko seli yenye afya, ila ukuta uliokuwa unaielekeza umevunjika, kwa hiyo inavuja kwenye damu. Lolote lingine linalovuruga tezi, kama maambukizi au mpira wa mkojo, huleta matokeo yaleyale. AFP ni protini ya ini la mtoto aliye tumboni. Jeni yake huzimwa baada ya kuzaliwa, na baadhi ya saratani za ini na za korodani huiwasha upya. Ini linalojijenga baada ya kuumia nalo huiwasha, kwa kiasi kidogo. CEA kwenye utumbo wenye afya huishia ndani ya mfereji wa chakula, lakini seli zikipoteza mpangilio hugeukia upande wa damu. CA-125 hutoka pia kwenye utando wa tumbo, wa mapafu na wa moyo, hivyo chochote kinachousumbua utando huo huipandisha.

Uliza kipimo kimeombwa kujibu swali gani

Maswali ni manne na kila moja lina masharti yake. Kuna kutafuta saratani kwa mtu asiye na dalili, kusaidia utambuzi kwa mwenye dalili, kuchagua dawa, na kufuatilia baada ya matibabu. Viashiria vingi vya damu ni vizuri kwenye la nne, vinasaidia kwenye la pili, na ni vibaya kwenye la kwanza.

Fanya hesabu mwenyewe uone. Tuseme wanawake 100,000 hawana dalili, na kati yao 40 wana saratani ya ovari. Tuseme kipimo kinagundua wagonjwa 80 kati ya kila 100, na kinawasafisha watu wasio na saratani 98 kati ya kila 100. Kwa macho hicho ni kipimo kizuri. Kitawakamata wagonjwa 32. Lakini kati ya wale 99,960 wasio na saratani, asilimia 2 ni karibu 2,000, na hao wote watapewa majibu ya kutisha. Mwanamke mwenye mshale wa juu atakuwa na uwezekano wa takriban 32 kwa 2,031, yaani chini ya asilimia 2. Wengine wote wanangojea altrasaundi, na baadhi watafanyiwa upasuaji usio wa lazima. Jaribio kubwa la Uingereza lililofuatilia wanawake zaidi ya 200,000 lilitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2021: kuwapima CA-125 au altrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari.

Kipimo hichohicho kikifanywa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye tumbo kujaa maji na uvimbe kwenye altrasaundi, mambo hugeuka, kwa sababu uwezekano wa saratani tayari ulikuwa mkubwa kabla ya sindano. Kwa hiyo tunasema bila kusita: usijinunulie fungu la vipimo vyote vya saratani ukiwa huna dalili. Ukipima viashiria vingi kwa mpigo, nafasi ya angalau kimoja kutoka na mshale bila sababu ni kubwa.

Uchunguzi unaookoa maisha ya wasio na dalili ni wa aina nyingine. Kipimo cha HPV cha mlango wa kizazi hutafuta kisababishi chenyewe, na aina 16 na 18 peke yake huhusika na karibu asilimia 70 ya saratani hizo. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo huweza kukamata vinyama vya utumbo mpana kabla havijageuka. Vyote viwili vinafanya kazi kwa sababu kati ya badiliko la awali na saratani kamili hupita miaka, na katika miaka hiyo kuna kitu cha kuondoa.

Kabla ya kutoa damu

Makosa mengi hutokea kabla mashine haijawashwa. Mweleze anayekuchukua damu mambo haya, na kama ni wewe unayechukua, yaandike kwenye fomu:

- Vidonge vya biotini, vile vya nywele na kucha. Dozi ya miligramu 5 hadi 10 kwa siku huvuruga mashine zinazotumia biotini kunasa kingamwili (protini zinazokishika kiashiria), na kwenye vipimo vingi vya viashiria hushusha majibu kwa uongo. Kwa dozi kubwa, maabara nyingi hutaka uache siku mbili hadi tatu kabla.
- Kwa PSA: epuka kumwaga shahawa na kuendesha baiskeli kwa muda mrefu kwa saa 48. Kama ulikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, umewekewa mpira au umetolewa kinyama (kipande cha tishu cha kupimwa), subiri takriban wiki sita.
- Finasteridi na dutasteridi, dawa za tezi dume iliyotanuka, hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi 6 hadi 12. Anayezitumia anazidisha jibu lake mara mbili ndipo alilinganishe. Aliyezitaja kwa daktari wa mkojo lakini hakuzitaja maabara anaweza kuambiwa yuko salama kumbe sivyo.
- Kwa CA-125: tarehe ya hedhi, ujauzito, upasuaji wa tumbo wa wiki chache zilizopita.
- Kwa CEA: kama unavuta sigara. Wavutaji wana kiwango cha juu zaidi hata bila ugonjwa.
- Kwa AFP na hCG (homoni ya ujauzito ambayo baadhi ya saratani pia huitoa): ujauzito, daima.

Upande wa maabara, damu ya viashiria vingi huchukuliwa kwenye chupa ya seramu, huachwa igande kama dakika 30, kisha huzungushwa na seramu, yaani majimaji yanayobaki juu, hutengwa. Ikikaa na seli kwa saa nyingi, PSA huru (ile isiyoshikamana na protini nyingine) huharibika haraka kuliko PSA nzima (yote kwa jumla), na uwiano wa viwili hivyo unatoka mdogo kuliko ulivyo, yaani unatisha zaidi ya inavyostahili. Seramu isiyopimwa siku ileile huwekwa kwenye friji, na ikibidi kusubiri siku nyingi hugandishwa. Damu iliyovunjika wakati wa kuchomwa, ile ambayo seramu yake imekuwa nyekundu, haifai kabisa kwa LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, kwa sababu chembe nyekundu zenyewe zimejaa LDH.

Viashiria vyenyewe, kimoja kimoja

PSA hupimwa kwa nanogramu kwa mililita. Mpaka wa 4.0 unaotajwa sana ni desturi tu. Wapo wenye saratani chini yake, na wengi walio juu yake wana tezi iliyotanuka kwa umri. Ikitoka juu kidogo kwa mara ya kwanza, hatua ya kwanza ni kurudia baada ya wiki kadhaa, kwa maabara ileile. Kati ya 4 na 10, PSA huru inasaidia: ikiwa chini ya asilimia 10 ya PSA nzima wasiwasi unaongezeka, ikizidi asilimia 25 unapungua. Kisha MRI kabla ya sindano ya kinyama, inapopatikana, maana inaonyesha sindano iende wapi. Baada ya tezi kuondolewa yote, PSA inapaswa kushuka hadi isipimike. Ikifika 0.2 na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, saratani inahesabiwa imerudi. Baada ya mionzi tezi ingali ndani, kwa hiyo hesabu ni nyingine: unachukua kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika, unaongeza 2.0, na kuvuka hapo ndiyo tahadhari. Kuchanganya kanuni hizi mbili ni kosa la mara kwa mara, na huwatia watu hofu ya miezi mingi.

AFP na hCG zinastahili heshima ya pekee kwenye saratani za korodani, kwa sababu hapo zinaamua matibabu. Damu ichukuliwe kabla ya korodani kuondolewa. Ukisahau, umepoteza namba ya kuanzia na hairudi tena. Saratani ya korodani ya aina ya seminoma tupu haitoi AFP. Kwa hiyo ripoti ya kinyama ikisema seminoma na AFP iko juu wazi bila sababu ya ini, mgonjwa anatibiwa kama asiye wa seminoma, kwani kuna sehemu ya uvimbe ambayo darubini haikuiona. Kwenye ini, wenye sirosisi (ini lililojaa makovu) na wengi wenye homa ya ini B hufanyiwa altrasaundi kila miezi 6, mara nyingi pamoja na AFP. Ikipita 20, au ikizidi kupanda kipimo hadi kipimo, inafuata CT au MRI yenye dawa ya mishipa. AFP ya kawaida haifuti saratani ya ini, hasa uvimbe ukiwa mdogo.

CEA, iliyogunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman mwaka 1965, ni ya ufuatiliaji wa utumbo mpana. Ipimwe kabla ya upasuaji, irudiwe wiki kadhaa baadaye, kisha kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, na kila miezi 6 mpaka mwaka wa tano. Husaidia sana kukamata saratani iliyorudi kwenye ini wakati bado inaweza kukatwa. Isiposhuka baada ya upasuaji, kuna kilichobaki.

CA-125 ina mpaka wa 35. Endometriosisi, hedhi, ujauzito, maambukizi ya nyonga, kifua kikuu cha tumbo, sirosisi na moyo kushindwa kazi vyote huipandisha, wakati mwingine hadi mamia. Na takriban nusu ya saratani za ovari za hatua ya kwanza hazina CA-125 iliyopanda. Kwa wanawake wadogo jibu lililo juu kidogo lina thamani ndogo mno.

CA 19-9 ina mpaka wa 37 na hutumika kwa kongosho na mirija ya nyongo. Kuna mitego miwili. Nyongo ikiziba kwa sababu yoyote, hata jiwe, CA 19-9 hupaa, hivyo usiisome kwa mtu mwenye macho ya manjano mpaka mrija ufunguliwe na bilirubini irudi chini. Mtego wa pili, kati ya watu 100 kama 5 hadi 10 hawana kundi la damu la Lewis linalohitajika kuitengeneza. Kwao CA 19-9 itabaki karibu na sifuri hata saratani ikiwa kubwa.

Soma mwenendo

Tengeneza jedwali la safu tano: tarehe, jibu, maabara, aina ya mashine, na kilichokuwa kinaendelea siku hiyo, kama matibabu, homa au dawa mpya. Safu ya mashine ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayoponza. Kingamwili za kampuni mbili hushika sehemu tofauti za protini ileile, kwa hiyo damu moja inaweza kutoa majibu mawili yanayoachana vya kutosha kuonekana kama saratani imerudi. Maabara inapobadili mashine, iombe ipime sampuli yako kwa njia zote mbili ili upate namba mpya ya kuanzia.

Mabadiliko madogo ni kelele. Damu ileile ikipimwa mara mbili haitoi namba moja, na mwili wenyewe hupanda na kushuka siku hadi siku. Kwa viashiria vingi, tofauti iliyo chini ya robo ya jibu lililopita haina haja ya kufanyiwa lolote zaidi ya kurudia. Kupanda mara tatu mfululizo, hata kidogokidogo, kuna uzito kuliko kuruka mara moja.

Baada ya upasuaji, pima kasi ya kushuka. Kila protini ina muda ambao nusu yake hutoka kwenye damu: hCG saa 24 hadi 36, PSA siku 2 hadi 3, AFP siku 5 hadi 7. Chukua mfano wa AFP 1,200 kabla ya korodani kuondolewa. Kwa nusu ya siku 7, baada ya wiki moja inatarajiwa 600, ya pili 300, ya tatu 150, ya nne 75. Ukiikuta 70 siku ya 28, yote sawa hata kama bado ina mshale. Ukiikuta 400, imeshuka, ndiyo, lakini polepole kuliko damu inavyojisafisha, maana yake kuna mahali inaendelea kutengenezwa. Kwa hCG ya 5,000 na nusu ya saa 36, siku 12 ni nusu nane, na inatarajiwa kubaki kama 20. Hesabu hii ya dakika tano hueleza zaidi ya neno "imeshuka" lililoandikwa kwenye faili.

Ikipanda, tafuta muda wa kuongezeka maradufu. Gawanya jibu jipya kwa la zamani, chukua logi asilia ya tokeo hilo, kisha gawanya 0.693 kwa logi hiyo na uzidishe kwa miezi iliyopita kati ya vipimo. PSA iliyotoka 0.5 hadi 1.3 kwa miezi 8: 1.3 kwa 0.5 ni 2.6, logi yake ni 0.956, na muda unatoka kama miezi 5.8. Mwingine aliyefika 1.3 ileile kwa miaka minne ana ugonjwa wa mwendo tofauti kabisa, na mara nyingi matibabu yake hayana haraka hiyo.

Mtego mmoja huwavunja moyo wagonjwa. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo za dawa mpya, CEA au CA 15-3 (kiashiria cha saratani ya matiti) inaweza kupanda kwa sababu seli zinazokufa zinamwaga vilivyomo ndani yake. Dawa isibadilishwe kwa namba hiyo pekee. Angalia picha, angalia hali ya mgonjwa, rudia kipimo.

Kwenye kinyama

Damu hufuatilia; kinyama huthibitisha na huchagua dawa. Hapa alama zinasomwa kwenye seli zenyewe, na ubora wake huamuliwa chumba cha upasuaji. Kinyama kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja tangu kutolewa, na saa hiyo iandikwe. Formalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Maji ya chumvi hayahifadhi, na spiriti hubadilisha protini. Formalini hupenya kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo titi zima lililotumbukizwa bila kukatwa vipande vya nusu sentimita huozea katikati huku nje likiwa limehifadhika, na katikati ndiko uvimbe ulipo. Mfupa usilainishwe kwa asidi kali ikiwa vipimo vya jeni vinatakiwa, kwani asidi huikatakata DNA. EDTA, kemikali inayoondoa kalisi kwenye mfupa, ni polepole lakini salama.

Kwa saratani ya matiti, vipokezi vya homoni ya estrojeni (ER) vinahesabiwa vipo iwapo angalau asilimia 1 ya viini vya seli za saratani vimeshika rangi ya kipimo. Kati ya 1 na 10 huitwa chanya hafifu. HER2 hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni rangi kali inayozunguka seli nzima kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli, na mgonjwa hufaa dawa kama trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. 2+ ni jibu lisilokamilika: lazima nakala za jeni zihesabiwe kwa kipimo cha FISH, na ripoti inayoishia 2+ irudishwe. Ukiona "ER hasi", uliza kama vijimfereji vya titi vyenye afya kwenye slaidi ileile vilishika rangi. Kama navyo havikushika, kipimo kimeshindwa, na mwanamke huyo anaweza kunyimwa vidonge vya homoni vya miaka mitano kwa sababu ya formalini iliyochelewa.

Mapafu huangaliwa jeni za EGFR na ALK, miongoni mwa nyingine. Utumbo mpana huangaliwa KRAS na NRAS, kwa sababu zikiwa zimebadilika dawa ya setuksimabu haitafanya kazi, na pia hali ya ukarabati wa DNA. Kabla ya kutuma, daktari wa patholojia aandike asilimia ya seli za saratani kwenye kipande. Njia nyingi za kawaida hutaka angalau 20. Chini ya hapo, "jeni haijabadilika" inaweza kumaanisha tu kwamba hakikupimwa cha kutosha.

Leukemia sugu ya mieloidi ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kiashiria kimoja kufanya kila kazi. Kromosomu yake ya Philadelphia ilielezwa mwaka 1960, jeni yake ya BCR-ABL1 ndiyo inayosababisha ugonjwa, dawa ya imatinibu iliyoidhinishwa mwaka 2001 huizima, na kiasi chake kwenye damu hupimwa kila miezi mitatu: si zaidi ya asilimia 10 kwenye mwezi wa tatu, na 0.1 au chini kwenye mwezi wa 12, kwa kipimo cha kimataifa. Asipofika, la kwanza ni kuuliza kama vidonge vinamezwa kila siku.

DNA ya saratani inayoelea kwenye damu

Seli zinazokufa humwaga vipande vya DNA, na nusu yake hutoweka ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo huonyesha hali ya sasa. Vipande vya saratani vinaweza kuwa chini ya kimoja katika elfu. Chupa ya EDTA izungushwe ndani ya saa chache, plazma izungushwe tena kwa kasi zaidi. Ukichelewa, chembe nyeupe hupasuka na DNA yake humeza ile unayoitafuta. Seramu haifai kwa sababu hiyohiyo. Jibu hasi halifuti ugonjwa. Likikosa kitu, rudi kwenye kinyama. Na jeni iliyobadilika ikionekana, hakikisha haitoki kwenye chembe nyeupe za damu za mtu mwenye umri mkubwa, ambazo huwa na mabadiliko yake yasiyohusiana na uvimbe.

Majibu yasipoendana na mgonjwa

Namba ikiwa ndogo mno kwa mtu mwenye uvimbe mkubwa, iombe maabara iipunguze sampuli mara 10 kisha mara 100 na kupima tena. Vipimo hivi hushika protini katikati ya kingamwili mbili. Protini ikizidi mno, kila kingamwili hupata yake na hazikutani, na mashine husoma kidogo. Ujauzito wa zabibu wenye hCG ya mamilioni umewahi kutoka kama wa kawaida kwa njia hiyo.

Namba ikiwa juu bila uvimbe wowote, pima kinyume: punguza sampuli mara mbili, mara nne, mara nane. Jibu la kweli hushuka kwa uwiano huo. Lisiposhuka hivyo, damu ya mtu huyo huenda ina kingamwili zinazounganisha zile za mashine bila protini yoyote katikati. Tuma sampuli kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kwa hCG kuna njia rahisi zaidi: pima mkojo. Kingamwili hizo hazipiti kwenye figo, kwa hiyo hCG ya damu iliyo juu na mkojo hasi ni ishara ya jibu la uongo. Wapo wanawake waliowahi kupewa dawa za saratani, na hata kuondolewa kizazi, kwa hCG ambayo haikuwepo. Kipimo cha mkojo kifanyike kabla ya dripu ya kwanza.